Maharagwe ya Mama na Maji ya Kisima cha Chini

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akampokea mama yake mtoto mchanga ili mama apate kuoga kwa utulivu. Mama akishamaliza, Chiriku alichukua ndoo na kopo lililotobolewa matundu chini, akateremka bondeni kumwagilia maharagwe.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akifagia anaongea, akiosha vyombo anaongea, hata usingizini alikuwa na lake la kusema. Baba yake, fundi uashi aliyekuwa akijenga mbali na kurudi mara chache, alizoea kutania, "Mtoto huyu siku akinyamaza, mwiteni daktari."

Zamani mama mwenyewe ndiye aliyemwagilia. Lakini sasa alikuwa amejifungua juzijuzi, na mkunga alimkataza kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake. Mvua nazo zilikatika mapema, maharagwe yakiwa hayajatoa hata ua moja.

Haya hayakuwa maharagwe ya kununua dukani. Yalikuwa madogo, meupe, yenye doa jekundu pale kwenye kitovu, kana kwamba mtu ameyagusa na ncha ya kalamu. Mama alipewa mbegu yake na mama yake mzazi, naye alipewa na wa kwake. Msimu uliopita wadudu waliingia kwenye debe la akiba wakayatoboa. Mama alikaa sakafuni na ungo, akachagua punje mojamoja, na zile nzima zilizobaki akazipanda zote. Nyumbani haikubaki hata ya kumwonyesha mgeni.

"Haya yakifa, ukoo wao umekwisha," mama alimwambia Chiriku siku alipomkabidhi ndoo. "Kwa hiyo ni maji ya kisima cha juu tu. Umesikia, mwanangu? Cha chini ni cha kuoshea miguu na kufinyangia matofali. Maji yake yana chumvi, sabuni yenyewe haitoi povu."

"Nimesikia, mama. Cha juu tu. Hata nikikuta foleni, nitasimama. Hata wakinisukuma, nitasimama. Hata—"

"Nenda, Chiriku."

Mwanzoni alifanya hivyohivyo. Tatizo lilikuwa njia. Kisima cha chini kilikuwa pale pale, kando ya shamba. Cha juu kilikuwa mlimani, na njia yake ilipita mbele ya yadi ya fundi wa ngozi.

Yadi ile ilikuwa na uzio wa miti. Ndani yake ngozi za ng'ombe na mbuzi ziliwambwa kwenye fremu, nyingine zikalala zimefunikwa chumvi ya mawe ili zisioze. Harufu yake ilimfikia mtu kabla hajaiona yadi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mpole, vidole vyake vimepata rangi ya chai, na alipokuwa akikwangua ngozi alipiga mbinja polepole. Hakuna aliyemwogopa fundi. Waliyemwogopa ni mbwa wake, Meneja.

Meneja alikuwa mkubwa, sikio moja limechanika, na hakufungwa. Jioni moja fundi akiwa nyuma ya yadi, Meneja alitoka langoni bila kubweka. Chiriku alisikia tu kucha kwenye mawe. Alipogeuka, alikimbia. Ndoo ikaanguka ikabingirika, kandambili moja ikabaki nyuma, na pumzi ya moto ya yule mbwa akaisikia kwenye shavu la mguu wake. Hakuumwa. Meneja alisimama juu ya ile kandambili, akainusa, akarudi zake kama mtu aliyemaliza kazi ya ofisini.

Chiriku aliokota ndoo yake akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Alikuwa darasa la sita, na watoto waliokimbizwa na Meneja walichekwa mwezi mzima. Kesho yake alipofika penye njia panda, miguu ilikataa. Aliitazama njia ya mlimani, akakitazama kisima cha chini.

"Leo tu," alijiambia.

Maji ya kisima cha chini yalikuwa maangavu kabisa. Kwenye ndoo hayakuwa na tofauti yoyote na yale ya juu. Maharagwe yaliyapokea bila neno, na udongo ukayanywa.

"Umechota juu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Neno lilitoka jepesi hata yeye mwenyewe akashangaa. Na kesho likatoka tena, na keshokutwa tena.

Muda ukapita. Siku moja Chiriku alipofika shambani aliona kingo za majani zimegeuka rangi ya kahawia, zimekauka na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na kaa la moto. Akapiga magoti. Juu ya matuta, pale penye mashina, palikuwa na kitu cheupe kama unga uliomwagika. Akakigusa kwa kidole, akakipeleka ulimini.

Chumvi.

Alitazama nyuma kama mtu aliyesikia anaitwa. Kwa kweli alikuwepo mtu: rafiki yake aliyeitwa Pacha, ingawa pacha mwenzake alikuwa akiishi kwa shangazi yao na wengi hawakuwahi kumwona.

"Looh! Shamba lenu limepakwa poda linakwenda harusini?" Pacha akacheka. Kisha akaiona ndoo. "Mbona unatoka kisima cha chini?"

"Nilikwenda kuosha miguu."

"Ndoo nzima? Kwani wewe ni jongoo?"

Chiriku hakucheka. Pacha akamtazama vizuri, naye akaacha kucheka. "Yanaumwa, eh? Watu wote wakiona maharagwe yanaumwa, wanayamwagia majivu. Wadudu wanakimbia. Mwagia majivu, yatapona."

Ni kweli kwamba watu wa pale walitumia majivu kufukuza vidukari. Chiriku hakujiuliza kama huu ulikuwa ugonjwa wa vidukari. Alikuwa kama mtu anayezama, kila kijiti kwake ni gogo. Alikusanya majivu ya jikoni kwao, akaomba na ya majirani, akayamwaga juu ya matuta. Halafu, kwa kuwa majani yalining'inia kama yana kiu, akaanza kuyanywesha hata mchana jua likiwa utosini, maji kidogo kidogo, kopo baada ya kopo, kutoka kisima kilekile.

Yakazidi kuungua. Majani ya chini yakaanza kudondoka. Ule weupe ukawa ganda. Ukilikanyaga linalia kama biskuti kavu.

Sasa kila kitu kilimtisha. Mlango ukigongwa, aliruka. Mama akisema tu "Chiriku," aliangusha alichokishika. Darasani alikuwa akiandika, akili iko bondeni. Alikula kwa kulazimisha. Mama alimshika paji la uso.

"Huna homa. Mbona umenyamaza hivi? Chiriku wangu amemeza nini?"

"Sina kitu, mama."

"Maharagwe yameanza kutoa maua?"

"Bado kidogo."

Asubuhi iliyofuata, siku isiyo ya shule, mama alimfunga mtoto mgongoni. "Nimekaa ndani vya kutosha. Leo nateremka nikayaone mwenyewe."

Chiriku alitaka kusema, "Mama, subiri." Badala yake aliinyanyua ndoo. Akawafuata nyuma, mama na jirani yao mshonaji aliyewakuta mlangoni, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Njia yote mshonaji alikuwa akisimulia habari za gauni alilokosea kipimo. Mama alikuwa akicheka. Chiriku akitembea, alihesabu moyoni kile kicheko, akijua kitakatika wapi.

Kilikatika penye mti wa mwisho, shamba lilipoonekana.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda polepole mpaka katikati ya matuta, akainama kwa shida, akashika shina moja. Jani likabaki mkononi mwake. Akakaa chini palepale kwenye udongo.

"Mbegu ya mama yangu," alisema. Basi.

Mshonaji alichovya kidole kwenye ule weupe, akaonja, akatema. "Chumvi hii! Chumvi tupu!" Akasimama wima, mikono kiunoni, macho yakapanda mlimani mpaka kwenye uzio wa miti. "Na hapa petu nani mwenye chumvi magunia kwa magunia? Niambie, nani?"

Mama alinyanyua kichwa. Naye akatazama kule.

Jambo la kwanza Chiriku alilolisikia ndani yake, na hili ndilo lililomtesa baadaye, lilikuwa nafuu. Hakushukiwa. Hata wazo jingine likaja mbio: fundi akifukuzwa, Meneja naye ataondoka, na njia itakuwa salama. Wazo lile lilikuwa tamu kwa muda mfupi tu. Mara likachacha kama chakula cha jana.

Habari ya ulimi mkali haihitaji gari. Kabla jua halijawa kali, wenye mashamba ya jirani walikuwa wamefika, kila mmoja akikumbuka mche wake uliowahi kunyauka. Mwenyekiti wa mtaa akaja akisema watu wangoje. Bibi shamba, afisa kilimo wa eneo lile, alikuwa ameahidi kupita siku hiyohiyo, naye alikuwa na kipimo cha chumvi. Wakangoja. Bibi shamba hakutokea. Mtu akaleta habari kwamba pikipiki yake imezimika njiani.

Fundi wa ngozi aliposikia kelele, alikuja mwenyewe, mikono bado imelowa. "Mama mwenye mtoto, pole sana kwa shamba lako," alimwambia mama. "Lakini chumvi yangu sitiririshi mimi. Naizoa, naianika, naitumia tena. Mtu gani atamwaga mali yake bondeni?"

"Kwa hiyo imetembea kwa miguu!" mshonaji akamrukia.

"Sijui ilivyokuja. Najua haikutoka kwangu."

"Atakiri mwizi?" alisema mtu nyuma, na wengine wakaguna.

"Mama mwenye mtoto," fundi akasema tena, sauti ikiwa ndogo zaidi, "nikiondolewa pale, ngozi za watu zilizoko kwangu zitaozea wapi? Na mimi niende wapi?"

Mama alikuwa kimya, akimbembeleza mtoto aliyeanza kulia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Watu walipoyaona machozi yale wakapata nguvu ambayo hawakuwa nayo. "Tusingoje kipimo! Ulimi ni kipimo!" mshonaji akapaza sauti, na kundi likaanza kupanda mlima, huku mwenyekiti akiwaita nyuma kama mchungaji aliyepoteza fimbo.

Chiriku alibaki ameshika ukingo wa ndoo. Alisikia huko juu mti wa kwanza wa uzio ukivunjika, *kwa!* Halafu Meneja akaanza kubweka, mbweko mzito uliotoka tumboni.

Kama ningesema jana, aliwaza. Kama ningesema asubuhi hii. Mti mwingine ukavunjika.

Akaitupa ndoo akakimbia.

Langoni kwa fundi, Meneja siku hiyo alikuwa amefungwa kamba kwenye kigingi, maana fundi alimfunga kabla ya kuteremka asije akauma watu, amesimama kwa miguu ya nyuma, meno nje, akiivuta kamba mpaka kigingi kinacheza. Kamba ile ilikuwa inafika karibu na njia. Chiriku alisimama. Mwili wote ulimwambia rudi. Ndani, wanaume walikuwa wameishika fremu yenye ngozi, wakiipindua, na fundi ameishikilia upande wa pili, hapigani, ameishikilia tu kama mtu anayeshikilia mlango wa nyumba yake.

Chiriku alifumba macho akapita. Alisikia upepo wa meno karibu na gauni lake. Alipofumbua macho alikuwa ndani, akaikumbatia ile fremu kwa mikono yote.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Ni mimi! Acheni!"

"Toka hapa mtoto, utaumia," mtu mmoja akamwambia.

"Nimechota kisima cha chini! Kila siku! Nimemwagilia maji ya chini, halafu nikatia majivu! Si yeye! Ni mimi!"

Sasa walisikia. Fremu ikashushwa. Meneja tu ndiye aliyeendelea kusema yake. Mama alikuwa amefika langoni, anahema, mkono mmoja umeshika mgongo wa mtoto. Chiriku hakuweza kumtazama usoni. Aliitazama miguu yake, iliyokuwa na vumbi la shamba.

"Rudia," mama alisema.

Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?"

"Tangu Meneja aliponikimbiza. Niliogopa kupita hapa. Na nikaogopa kukwambia. Halafu yalipoanza kuungua ndiyo nikaogopa zaidi."

Ukimya wa mama ulimtisha kuliko mbwa, kuliko watu, kuliko chochote alichowahi kukiona. Angepigwa, angejua mwisho wake. Mama alisimama tu, akimtazama kama anayesoma maandishi madogo.

Fundi wa ngozi ndiye aliyesema kwanza. "Mbwa wangu alikukimbiza?" Akaufuta uso kwa kiwiko. "Na mimi sikujua. Ningejua, kamba hii ningeifunga siku ileile."

Mshonaji alikuwa ameshika kipande cha mti wa uzio. Alikitazama kana kwamba kimeota mkononi mwake. "Mimi nilisema tu," alinong'ona.

"Ulisema kwa sauti," mwenyekiti akamjibu. "Kirudishe ulipokitoa."

Hapo ndipo bibi shamba alipotokea, akiisukuma pikipiki yake, buti zake za mpira zimejaa vumbi, jasho linamtiririka. "Samahani jamani, punda wangu wa chuma amegoma," alisema. Kisha akaziona nyuso za watu. "Kuna msiba?"

"Karibu tuufanye," alisema mwenyekiti.

Wakateremka wote bondeni. Bibi shamba alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho bila kumkatiza. Alitumbukiza kipimo chake, kidogo kama kalamu nene, kwenye maji ya kisima cha juu yaliyoletwa kwa kopo, akaridhika. Alipokitumbukiza kwenye maji ya kisima cha chini, nyusi zilipanda.

"Sikieni," alisema, akichuchumaa kwenye tuta. "Mmea hunywa maji, chumvi huiacha. Jua nalo huyavuta maji juu, chumvi inabaki hapa penye shina. Ukimwagilia kidogo kidogo mchana, unaongeza tu. Na majivu yana chumvichumvi yake. Huyu mtoto alikuwa akimtibu mwenye kiu kwa kumlambisha chumvi."

"Yamekufa?" mama aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza tangu watoke yadini.

Bibi shamba aling'oa mche mmoja uliokauka kabisa, akatikisa udongo. Kwenye mizizi palikuwa na vivimbe vidogo kama vichwa vya pini, vimesinyaa, rangi ya kijivu. "Hivi ni vifundo. Mimea ya jamii ya kunde na maharagwe huvitumia kujitengenezea mbolea. Hivi vimekufa." Akahamia tuta la pembeni, ambalo kopo la Chiriku halikuwa likilifikia vizuri. Akachimba mche wenye majani machache mabaya, akachukua kifundo kimoja, akakipasua kwa ukucha.

"Mama mtoto, hebu njoo uone."

Ndani ya kile kifundo palikuwa na rangi ya waridi, mbichi, kama nyama.

"Kikiwa hivi, mmea haujakata tamaa. Na sisi tusikate. Lakini leo, si kesho."

Basi kazi ikaanza. Kwanza walilikwangua lile ganda jeupe pamoja na majivu, wakalibeba kwenye magunia mpaka mbali na shamba. Halafu wakachimba mfereji wa kutolea maji, kwa kuwa maharagwe nayo hayapendi kusimama majini. Ndipo ikabidi udongo uoshwe: maji mengi ya kisima cha juu, yazame chini, yaondoke na chumvi, yakishaondoka, mengine tena.

Maji mengi hivyo yangebebwa na nani? Fundi wa ngozi alikwenda kwake bila kuaga, na watu wakafikiri amekasirika ameondoka. Alirudi akisukuma mkokoteni wake wenye mapipa. Mshonaji alikuwa wa kwanza kushika upande wa pili wa mkokoteni, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akifanya kazi bila maelezo. Pacha naye alikuja, akiwa ameinamisha kichwa. "Majivu nilikushauri mimi," alimwambia Chiriku.

"Lakini ndoo niliibeba mimi," Chiriku alijibu.

Kabla ya kuondoka, bibi shamba alionyesha namna ya kutandaza nyasi kavu juu ya matuta ili jua lisivute chumvi juu, na akasema watie samadi iliyooza vizuri. "Mwagilieni asubuhi mapema au jua likipoa, maji ya kutosha, kisha muyape nafasi. Penye miche iliyokufa pandeni kunde. Kunde huvumilia chumvi kuliko maharagwe. Lowekeni mbegu kwanza, ziamke. Na msipande kileleni mwa tuta. Chumvi hupenda kilele, kama kuku anavyopenda paa. Pandeni hapa ubavuni, begani mwa tuta."

Adhabu ya Chiriku ilitolewa jioni, kwa maneno machache. Atausimamisha uzio wa fundi pamoja naye mpaka uwe kama ulivyokuwa. Na atachota maji juu kila siku, fundi akiwa langoni. Mara za kwanza fundi alimshika Meneja shingoni, akamwita Chiriku asogee, mbwa anuse mkono wake. Chiriku aliutoa mkono huku amegeuza uso pembeni. Hofu haikuisha siku moja. Ilipungua kama maji ndani ya mtungi, kidogo, halafu kidogo tena.

Lakini hofu ya maharagwe ilibaki palepale. Maana baada ya kazi ile yote, majani yaliendelea kudondoka. Kila alipofika shambani alisimama kwanza penye mti wa mwisho, anaogopa kutazama. Mama alipouliza, Chiriku alisema ukweli hata ukiwa mchungu: "Leo mengine mawili yamekufa, mama. Tuta la katikati sidhani litapona." Mama aliitikia kwa kichwa. Bado hawakuwa wameongea, si kuongea kwa kweli.

Halafu siku moja alipofunua nyasi kwenye tuta la pembeni aliona kitu kidogo, kijani, kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Jani jipya. Aligusa kingo zake. Zilikuwa laini. Alikimbia mpaka nyumbani, akaanza kusimulia akiwa bado nje, maneno yakigongana mlangoni, na mtoto mchanga akaamka akalia kwa zile kelele.

"Pole pole," mama alisema, akicheka huku machozi yakimlenga. "Amerudi! Nilidhani nitaita daktari."

Mavuno yalikuwa madogo mno. Kunde zilitoa vizuri, wakala na kugawa. Lakini maharagwe meupe yenye doa jekundu, baada ya kukauka na kupigwapigwa, hayakujaza hata bakuli. Hakuna yaliyopikwa. Mama na Chiriku walikaa mkekani, ungo katikati yao, wakitoa yaliyopasuka.

"Mama," Chiriku alisema bila kunyanyua macho, "umenisamehe?"

Mama alitoa punje moja iliyopasuka. "Nilikusamehe pale ulipoikumbatia ile fremu. Lakini nilikuwa nasubiri nipate maneno sawasawa, nisiyatoe ya hasira." Akaweka ungo pembeni. "Mwanangu, kuogopa mbwa si kosa. Mimi mwenyewe ningekimbia, tena na mtoto mgongoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia siku ya kwanza, ningechukua fimbo tukaenda wote kwa fundi, yakaisha kabla chai haijapoa. Ulipoificha hofu yako, haikukaa mahali pake. Iliingia kwenye mizizi, ikapanda mpaka kwenye uzio wa mtu asiye na hatia. Na mimi, mtu mzima, nikakaa kimya wakati jirani yangu anavunjiwa. Hilo ni langu, nami nimekwenda kumwomba radhi. Sisi wawili tumejifunza kwa gharama moja: ukiogopa, sema mapema, na ukikosea, sema mapema zaidi, kabla mwingine hajalipa."

"Nimesikia, mama."

"Tena kuna kosa jingine langu. Niliiweka mbegu yote nyumba moja, kisha shamba moja." Mama aliyagawa maharagwe mafungu mawili. Moja akalitia kwenye chupa kavu, akaifunga kizibo kwa nguvu. La pili akalifunga kwenye kitambaa safi, akampa Chiriku mikononi.

"Mpelekee fundi wa ngozi. Mwambie ayapande kwake msimu ujao, naye amgawie mwingine. Mwonyeshe mwenyewe yanavyopandwa: ubavuni mwa tuta, si kileleni. Nenda sasa, na usimwage."

Chiriku alikibana kile kifurushi kifuani kwa mikono miwili, akatoka.